Dar siyo stendi ya boti ya Zanzibar

Juzi niko Posta, pale Samora na Azikiwe, namsubiri jamaa yangu ambaye siku zote yuko "njiani nakaribia", ikaja kosta ya watalii ikapaki kwa kumvizia trafiki jirani na sanamu ya Askari. Wakashuka wageni, wengi wazungu, ila na mzee mmoja wa kwetu na mkewe, kwa lafudhi watu wa kanda ya ziwa, nadhani watoto wao wa mjini ndo wamewalipia. Mzee akaizunguka sanamu taratibu, akasogelea bamba, akauliza, "Kijana, huyu alipigana vita gani?" Kijana wa watu hata hakugeuka: "Ya Mjerumani hiyo baba, ya zamani. Sogea na mama niwapige picha fasta, boti haisubiri."

Picha ikapigwa, kosta ikaondoka, na mimi nikabaki na hasira ambazo hata hazinihusu.

Hivi jamani, huo ndo utalii wa jiji? Mgeni alipe hela yake azungushwe kanisa la Azania Front, St. Joseph, Soko la Samaki Feri akazibe pua, dakika kadhaa Askari, halafu nusu nzima ya muda apelekwe duka la vinyago la rafiki yake dereva. Akirudi kwao anaandika Dar hakuna cha kuona, pita tu uende Zanzibar. Na sisi tunaitikia, eti kweli Dar ni foleni na joto tu.

Yule mzee aliuliza swali la maana kuliko ratiba nzima ya kosta ile. Pale aliposimama, kabla ya 1916 palikuwa na sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani. Waingereza walipouchukua mji wakaing'oa, na 1927 wakamweka huyu askari wa shaba na singe lake. Bamba linataja askari waliopigana Vita Kuu ya Kwanza na linataja pia wapagazi, wale waliobeba risasi, unga na mizinga iliyofunguliwa vipande vipande kichwani kutoka huku hadi kwenye misitu ya kusini. Walikufa makumi ya maelfu, na wengi hawakuuawa na risasi, ni kuhara, malaria na njaa. Ila juu ya jiwe mpagazi hayupo, kasimama askari peke yake. Nairobi angalau walichonga watu watatu na mmoja wao ni mpagazi. Na kambi ya wapagazi wa Dar ilikuwa wapi? Kariakoo! Palepale tunapogombania viatu vya mtumba. Sasa niambie, mwongozaji ana kisa cha namna hiyo mkononi, mwanzo uko Samora na mwisho uko Kariakoo, ye anawaza boti.

Tena ni mwendo wa miguu tu. Unashuka na Samora mpaka Mnara wa Saa, unaingia Uhuru, unakuta uwazi wa Mnazi Mmoja, na ule uwazi haukubaki kwa bahati. Wakoloni waliuacha makusudi kutenganisha Uhindini na makazi ya Waafrika, mtu mweusi ajue kwake kunaanzia wapi. Leo watu wanakatiza pale na mifuko yao hawana habari. Ukivuka uko mtaa wa Lumumba, ilipozaliwa TANU tarehe 7 Julai 1954, yaani waliosukumwa ng'ambo ya uwazi ule ndo walioanzia hukohuko kumwondoa aliyewasukuma. Hatua chache mbele ni soko la Kariakoo, jengo alilolichora msanifu Beda Amuli miaka ya sabini, lile la miamvuli ya zege, lililoungua Julai 2021. Nusu saa ya kutembea, ukisimama kunywa dafu labda saa nzima. Lakini kosta zikifika Kariakoo zinafunga vioo, mwongozaji anasema "angalieni simu zenu", basi.

Haya, jua la saa saba mchana siyo la mchezo, nakubali. Na vibaka wapo, siwezi kuwatetea. Hata yule kijana simlaumu sana, ratiba hajapanga yeye na mkate wake unatokana na duka la vinyago. Lakini mbona kuna kitu kinaitwa asubuhi? Saa moja na nusu Jumapili Samora nzima iko tupu, unasikia mpaka kunguru wanavyogombana.

Makumbusho ya Taifa nayasifia bila kinyongo, fuvu la Zinjanthropus lipo na magari ya Mwalimu yapo. Kijiji cha Makumbusho pazuri pia ukikuta ngoma. Bustani ya mimea nenda kawaone tausi, usitarajie zaidi. Coco Beach mihogo na pilipili, sina la kuongeza.

Na sisi wenyeji tusijifanye watakatifu. Shangazi akitoka mkoani tunampeleka wapi? Mlimani City akaone maduka asiyonunua kitu, halafu daraja la Tanzanite apige selfi, jioni chipsi kuku, kesho yake basi. Shangazi huyohuyo anakumbuka nyimbo za TANU kichwani mwake zote, ungempeleka Lumumba angekuimbia barabarani mpaka uone aibu.

Wenye kampuni za kutembeza watu, wekeni matembezi ya Kiswahili, Jumapili asubuhi, bei ya mtu wa kawaida, mwone kama hatuji. Na jiji nalo litusaidie jambo moja tu, choo. Kutoka Askari hadi Mnazi Mmoja mgeni akibanwa inabidi uingie hotelini ununue soda usiyoitaka ndo upewe ufunguo, na soda zenyewe za hotelini mnazijua bei zake.