Saa ya kuchora isingoje janga liishe

Janga likipita na shule zikafunguliwa, ratiba hurudi kwa mafungu. Hesabu hutangulia, kisha lugha, kisha sayansi. Uchoraji, muziki na maigizo huambiwa vingoje, na mara nyingi kungoja huko hakuna mwisho.

Wanaotaka sanaa ingoje hawana roho mbaya. Mwaka 2020, korona ilipofunga shule, wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 duniani walikaa nyumbani, na mtoto aliyekosa kujifunza kusoma anaweza kulibeba pengo hilo maisha yake yote. Tena wanauliza ushahidi uko wapi. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 ilipitia tafiti zaidi ya 3,000 na kuona sanaa ina mchango katika afya ya mwili na ya akili, ila tafiti hizo hazilingani kwa ubora. Ni kweli. Anayesema kuchora pekee kunaponya kiwewe anavuka mpaka wa anachokijua.

Lakini hoja hiyo inaipima sanaa kama dawa. Mimi naitazama kama somo.

Friedl Dicker-Brandeis, msanii aliyesomea Bauhaus, shule ya sanaa ya Ujerumani, alipelekwa na Wanazi kwenye geto la Terezín, mji wa Cheki walikofungiwa Wayahudi, mwezi Desemba 1942. Humo aliwafundisha watoto kuchora, na aliwafundisha hasa: rangi, mpangilio, mwendo wa mstari. Karatasi ilipoadimika walibandika vipande vya karatasi juu ya fomu zilizokwisha tumika ofisini. Na aliwataka watie majina yao kwenye kazi zao. Mahali ambapo mtu alikuwa namba kwenye orodha ya wasafirishwao, mtoto alimaliza kipindi kwa kuandika jina lake mwenyewe.

Oktoba 1944 mwalimu huyo alisafirishwa kwenda Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, akauawa. Ikabaki michoro ipatayo 4,500 ndani ya masanduku mawili. Elfu nne na mia tano! Wengi wa waliochora waliuawa pia, kwa hiyo asije mtu akasema michoro iliwaokoa. Ila tazama maua yale, vipepeo, vitanda vya ghorofa. Kila karatasi ina mtoto anayeamua: hapa niweke rangi, hapa pabaki wazi. Janga humnyang'anya kijana maamuzi yote, atalala wapi, atakula nini, atahama lini. Saa ya somo humrudishia machache, na humpa kazi inayoendelea kesho.

Kwa nini basi saa hiyo ihesabiwe kuwa imeibwa kutoka kwenye hesabu? Mtoto aliyejaa hofu hukaa mbele ya ubao bila kushika kitu, na muda huo nao unapotea ingawa haumo kwenye takwimu yoyote.

Nikiri hatari moja ambayo watetezi wenzangu huipita haraka. Mwalimu asiye na mafunzo anaweza kuagiza darasa lichore yaliyotokea siku ya shambulio, akidhani anawasaidia kutoa yaliyo moyoni. Shirika la Afya Duniani halipendekezi watu waliopatwa na tukio la kutisha karibuni wafanyiwe kikao cha kusimulishwa yaliyowapata, na sioni kwa nini agizo la kuchora liwe salama kuliko swali. Mwalimu ajue pia wa kumwita mtoto anapoonyesha dalili za kuzidiwa. Lakini anayetaka kuchora paka, wiki baada ya wiki, aachwe na paka wake, na mwalimu amsaidie miguu ikae sawa.