Soko la mbao likihamishwa Moshi, vumbi litakwenda wapi?

Ukikaa nyumba mbili kutoka kwenye mashine ya kuranda, nguo nyeupe huaniki mchana. Nimewahi kupanga chumba karibu na soko la mbao hapa Moshi, nayajua hayo: vumbi linaingia hadi kwenye sufuria yenye mfuniko, na fuso ikianza kushusha mzigo, bodaboda haipiti. Kwa hiyo wanaotaka soko lihamishiwe nje ya mji siwabezi. Vumbi la mbao si la kuchezea. Tangu 1995 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameliweka kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani, hasa ya pua. Na wa kwanza kulivuta si jirani, ni kijana wa mashine mwenye kitambaa usoni, siku nyingine hata hicho hana.

Hoja yao ya pili ndiyo inayonikwaza: eti soko hilo ndilo linalomaliza misitu ya Kilimanjaro.

Mlima uliumizwa, hilo halina ubishi. Uchunguzi wa angani wa 2001 ulikuta maelfu ya miti ya asili iliyokatwa, mikulo ikiwa mingi, ule ambao Wachagga tunauita mseri. Lakini mbao ya wizi haipendi soko. Inapasuliwa hukohuko msituni, inamfikia fundi aliyeiagiza bila kupita mbele ya mtu wa kuuliza kibali. Simama pale lori linaposhusha uone: msindano na saiprasi za mashamba ya serikali ya West Kilimanjaro na Rongai, nyingine zimetoka mbali, Mufindi. Halafu utaona mgrevilia, na huo hautoki msituni kabisa. Unatoka kihambani, shamba la Mchagga lililozunguka nyumba yake.

Mama wa Kibosho mwenye migrevilia kumi mpakani mwa kihamba hana akaunti ya akiba, ana hiyo miti. Matawi anapunguza kwa kuni, kivuli kinakwenda kwa kahawa, shina linasubiri Januari. Ada ikibana anafuatilia kibali, anauza miwili, mvua zikianza anachomeka miche mingine. Sasa lipeleke soko kilomita kumi na tano nje ya mji. Mnunuzi wa mti hatalipa nauli ya ziada ya kirikuu kutoka mfukoni mwake, ataikata kwenye bei ya mti. Fundi naye akienda kufuata mbao huko, gharama ya kurudi nazo ataiweka kwenye kitanda. Kati ya hao wote, asiye na wa kumsukumia mzigo ni yule mama. Akiona mti wa miaka kumi na tano umeuzwa kwa bei ya kuni, mwaka unaofuata hapandi. Wanaopiga hesabu za mazingira huwa wanahesabu miti iliyokatwa. Ambayo haikupandwa haimo kwenye hesabu ya mtu.

Mabaki nayo yana wenyewe. Mabanzi yanajenga mabanda ya nguruwe, vipande vinakwenda kwa mama lishe, maranda yanajazwa kwenye viroba kwa wafuga kuku.

Hapo kwenye maranda siwatetei wafanyabiashara. Mbao za kenchi zilizotiwa dawa, zile za rangi ya kijani, mara nyingi zimelowekwa kwenye mchanganyiko wa shaba, kromu na arseniki, na arseniki ni sumu. Mashine hiyohiyo inaranda msindano mkavu asubuhi na mbao ya dawa mchana, na maranda yote yanaanguka kwenye lundo moja. Kuku wanalala juu yake. Vipande vya kijani vinawashwa chini ya sufuria ya maharage, moshi wake unampata mpishi usoni. Mengi yamesemwa juu ya kelele. Hili silisikii likitajwa kwenye malalamiko ya majirani, nao ndio wanaokula hayo maharage.

Kuhama hakuliondoi tatizo hilo. Mashine ya kuranda inabebeka kwenye pikapu. Soko likifukuzwa, haitashangaza kuikuta uani Pasua au Majengo, nyuma ya geti, bila mwenyekiti wa soko wa kulalamikiwa. Afadhali majirani wadai ukuta mrefu upande wa makazi, mashine zizimwe saa kumi na mbili jioni, vijana wapewe barakoa za kweli, na mbao za dawa zirandwe kwenye mashine yake peke yake, maranda yake yasimfikie mfuga kuku.