Maji ya Mto Kagera, 1979

Chumba chetu cha kumbukumbu ya Vita vya Kagera zamani kilikuwa stoo ya kahawa. Halipwi mtu. Tunajitolea watatu: mwalimu mstaafu, fundi cherehani, na mimi niliyepewa ufunguo kwa sababu sina kazi. Vitu vyenyewe vichache: buti moja, la kushoto; sufuria iliyotobolewa na risasi; picha ya daraja la Kyaka baada ya majeshi ya Idi Amin kulilipua mwaka 1978; na chupa ya maji ya askari, ya bati, imezibwa kwa gunzi.

Chupa ililetwa na babu mmoja mstaafu wa JWTZ, aliyetembea nayo kwa miguu mpaka Kampala, Aprili 1979. Siku moja naipangusa vumbi, nikasikia ndani kunachezacheza. Nywele zikanisimama. Nikachukua kadi nikaandika: MAJI YA MTO KAGERA, 1979. USIGUSE. Nani aliniambia ni ya 1979? Hakuna. Lakini watu walianza kuja kupiga nayo picha, mmoja akapiga na magoti.

Kila Jumamosi babu alikuja, akaomba aachwe na chupa yake dakika kumi, awakumbuke wenzake waliobaki vitani. Tulimfungia mlango kwa heshima. Akitoka, macho mekundu, ukuta anaushikilia. Fundi alikuwa analia naye.

Ikafika Julai, wiki ya Mashujaa. Wazee wastaafu saba, watoto wa shule, mwalimu mkuu kavaa blauzi nyeupe, na jua linachoma bati kweli kweli. Mimi mdomo ukanizidi. Nikafika kwenye Katyusha, mizinga ya roketi ambayo askari wa Amin waliipa jina la Saba Saba. "Ikilia," nikasema, "ardhi inatikisika hivi!" Nikanyakua chupa, nikaitikisa.

PUUU!

Gunzi liligonga bati la paa. Wazee saba, wenye viuno vya kupandia bodaboda kwa msaada, walilala kifudifudi kwa mpigo mmoja, na mmoja akaamuru, "Tawanyika!" Mimi nilijificha nyuma ya mwalimu mkuu, ambaye povu lote lilimwishia kifuani.

Kimya. Kisha mtoto wa darasa la pili akanusa, akasema kwa furaha, "Rubisi!"

Rubisi mbichi, pombe ya ndizi, ukiiziba kwenye joto, inaendelea kuchachuka. Hilo Kagera nzima inalijua.

Wazee waliinuka mmoja mmoja, wakijipangusa. Babu peke yake hakuinuka. Nikakimbilia nikidhani kaumia. "Babu, umevunjika?"

"Nyamaza," akanong'ona. "Bibi yako yuko mlangoni."

Kweli alikuwepo, na kadi ya kliniki ya kisukari ya mumewe mkononi. Alisoma kadi yangu, akainusa chupa, akatugeukia kwa upole kabisa.

"Wajukuu zangu, na mimi naomba mnifungie mlango. Dakika kumi tu, nimkumbuke."