Birika Lisivunjwe

Juzi niliingia nyumba moja ya mawe mtaani kwetu Lamu, inayofanyiwa ukarabati. Ukumbini palikuwa na hodhi la kuogea, jeupe, jipya, bado limefungwa karatasi. Chooni fundi alikuwa akivunja birika, yaani tangi la kuwekea maji ya kuoga, kwa nyundo. Chini kabisa ya birika wazee walipachika bakuli la kauri ya Kichina ndani ya chokaa, ili maji yakipungua samaki wabaki na pa kukaa. Samaki hao wadogo ndio waliokuwa wakila viluwiluwi vya mbu. Bakuli lilikuwa limeshapasuka pande mbili.

“Mwenyewe ataka pa kujilaza akikoga, mama,” fundi aliniambia. Yeye simlaumu, katumwa kazi.

Hodhi lina kwao, na huko lina historia nzito. Marat, mwanamapinduzi wa Ufaransa, aliteswa na ugonjwa wa ngozi hata akawa anashinda majini, ubao umelazwa juu ya hodhi, akiandika. Mwanamke aliyempinga, Charlotte Corday, alimkuta humo humo tarehe 13 Julai 1793 akamuua kwa kisu. Mchoraji David akamchora mwaka ule ule, mkono umening’inia nje na kalamu bado i vidoleni. Wagiriki walikuwa wameshalileta jambo hili kwenye tamthilia zamani sana: katika mchezo wa Aeschylus wa mwaka 458 kabla ya Kristo, Agamemnon anarudi salama kutoka vitani Troy, kisha mkewe anamuua akiwa bafuni kwake. Mtu aliyeketi majini uchi hana pa kukimbilia.

Hodhi limetungiwa hata historia ya uongo. Mwaka 1917 mwandishi wa Marekani, H. L. Mencken, alibuni gazetini kisa cha hodhi la kwanza nchini mwao, eti liliwekwa Cincinnati mwaka 1842. Alipokuja kukiri mwenyewe mwaka 1926, watu walikuwa wameshakiamini kisa hicho, na wengine waliendelea kukikariri. Na sisi birika letu la kweli, ni wangapi tunaowasimulia watoto wetu?

Bibi yangu alikoga kwa kata ya kifuu maisha yake yote. Nikiwa mdogo nililala nikisikia kata ikigonga ukingo wa birika, kisha maji yakimwagika sakafuni, kisha kimya, kisha kata tena. Maji aliyojimwagia hayakurudi birikani. Dini nayo ndivyo ilivyotufunza: Mtume alikataza mwenye janaba kuoga ndani ya maji yaliyotuama, na sahaba wake Abu Huraira alipoulizwa mtu huyo afanyeje, akajibu kwamba ayateke.

Tena kuna suala la maji yenyewe. Hodhi moja likijaa humeza kama lita 150, yaani zaidi ya madumu saba ya lita 20, kwa mtu mmoja, mara moja. Maji ya mji huu yanatoka visima vya Shela, ambako mvua hunywewa na vilima vya mchanga ikakaa juu ya maji ya chumvi. Tukivuta kupita kiasi, chumvi inapanda. Wa kwanza kuionja ni yule asiye na pesa za kununua maji ya chupa.

Mwenye kununua nyumba ya kale na aweke bomba la mvua akipenda, birika aliache mahali pake. Birika la nyumba ya pili kutoka ile bado lina bakuli zima. Kesho baada ya alasiri naenda kubisha hodi, kabla fundi hajafika.