Umefeli nini huko?

Juzi nilimpigia shangazi simu. Shikamoo, marahaba, habari za baridi, kisha nikamwambia wiki hii sitapatikana jioni, nina mtihani. Akanyamaza kidogo. “Mwanangu, na umri huo? Umefeli nini huko?”

Nina miaka 46. Hapa Sweden nasomea usaidizi wa wauguzi Komvux, elimu ya watu wazima inayoendeshwa na manispaa tangu 1968. Ada hakuna, vitabu unajinunulia. Mbele yangu anakaa dereva wa lori wa miaka 57 ambaye mgongo umemgomea. Siku ya kwanza ya kupima presha aliufunga mkanda kinyume mara tatu mfululizo, vidole vinene vinatetemeka. Mwalimu alivuta kiti, akampa mkono wake mwenyewe, akasema tuanze tena. Wiki iliyofuata jamaa alikuwa anapima haraka kuliko mimi. Hakuna aliyempigia makofi, na hilo ndilo lililonishangaza. Wote walijua atajua tu.

Kwetu Tanzania kesi hiyo ingekuwa imeshafungwa zamani. Mtoto akifeli darasa la saba, ukoo mzima unapitisha hukumu: kichwa kizito huyo, apelekwe gereji. (Kana kwamba injini hushushwa bila kichwa.)

Kinachoniuma ni kwamba imani hii, kwamba mtu mzima anaweza kujifunza, tulikuwa nayo. 1970 ulitangazwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1967 watu wazima wapatao wawili kati ya watatu hawakujua kusoma. Kufikia 1986 takwimu za serikali zilisema amebaki kama mmoja kati ya kumi. Zibishie ukitaka, lakini mimi nilimwona bibi yangu. Alianza kisomo akiwa na watoto watano, wa mwisho mgongoni. Hadi anafariki alikataa kuweka dole gumba. Benki foleni ilimsubiri aandike jina lake herufi kwa herufi, peni kaishika kama mwiko, na hakuna aliyethubutu kumharakisha.

Na Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi je? Vilianza 1975 kwa msaada wa Sweden hii hii, kwa mfano wa vyuo vya wananchi walivyokuwa navyo wao tangu 1868. Huku hadi leo watu wazima wanavijaza. Vya kwetu ni zaidi ya 50, ila mtaje mtu anayesoma huko uone watu watakavyomsikitikia.

Sitaki kuipamba Sweden. Wapo wanaosoma kozi ya lugha kwa wahamiaji miaka na miaka, wametoka zamu ya usiku, wanasinzia kwenye viti. Nilikuwa mmoja wao. Vyeti nilivyokuja navyo viko kwenye begi mpaka leo. Na si kwamba kwetu njia zimezibwa: mtu mzima anaweza kufanya mtihani wa maarifa akajiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne, na tangu Novemba 2021 binti aliyejifungua anaruhusiwa kurudi kwenye shule ya serikali. Kinachowakwamisha wengi ni aibu, na aibu hiyo tunaigawa sisi wenyewe, kwa maswali kama lile la shangazi. Nampenda shangazi, lakini ndiyo hivyo.

Nina binamu, fundi cherehani. Alifeli la saba, ila ukimpa vipimo vya sare za harusi ya watu 30, mita za kitambaa anakutajia kabla hujatoa simu mfukoni. Chuo cha wananchi kiko jirani naye, bodaboda moja tu. Nimemwambia ada juu yangu.

“Kaka, nikakae darasani na watoto?”

Nikamtumia picha ya darasa letu, tumejibana kuzunguka meza, dereva wa lori yuko mbele kabisa na kipimo cha presha mkononi. Jibu lilikuja usiku: “Huyo mzee ndiye mwalimu wenu?”