Adui aliye hoi mezani: pigo moja au kete?

Mchawi karusha uchawi wa usingizi na majambazi wote wamelala chali kando ya moto. Mwenye upanga anasema, "Nawachinja mmoja mmoja." Afanikiwe papo hapo, au arushe kete? Huu ndio ubishi unaorudi kila mara kwenye michezo ya kuigiza ya mezani, ile ya karatasi, penseli, kete na maneno, na kwenye meza za hapa Arusha nimeusikia ukiwaka kuliko ubishi mwingine wowote wa kanuni. Wapo wanaosema mtu aliyelala akikatwa shingo amekufa, kete za nini? Na wapo wanaojibu kwamba mkiruhusu hivyo, uchawi mmoja mdogo unamaliza pambano zima, na siku adui atakapokuwa na uchawi huohuo mtakaochinjwa ni ninyi.

Dungeons & Dragons, mchezo ulioanza mwaka 1974 na kuzaa mingine mingi, umelijibu swali hili kwa namna tofauti kadiri ulivyoandikwa upya. Jibu kali tunalolifahamu wengi ni la toleo la tatu, la mwaka 2000. Aliyefungwa kamba, aliyezimia, aliyelala au aliyegandishwa kwa uchawi huhesabiwa kuwa hoi. Ukitumia raundi yako nzima kummaliza, pigo linampata bila kete ya shabaha na madhara yanazidishwa. Akibaki hai, lazima arushe kete ya ustahimilivu afikishe 10 kujumlisha na madhara aliyopata. Akishindwa, amekufa.

Tupige hesabu. Shujaa mwenye nguvu 16 na upanga wa mikono miwili huumiza kwa kete mbili za pande sita na nyongeza ya 4. Zikizidishwa mara mbili, wastani ni 22. Aliyepigwa sasa anatakiwa kufikisha 32. Mpiganaji wa ngazi ya 5 mwenye nyongeza ya 6 kwenye kete hiyo hawezi kufika huko, isipokuwa kete yake ya pande 20 iangukie 20 yenyewe, ambayo hufaulu daima. Nafasi yake ya kupona ni asilimia 5.

Toleo la tano, la mwaka 2014, lililegeza kamba. Ukimshambulia aliyegandishwa unarusha kete mbili za shabaha na kuchukua iliyo kubwa, na ukimpata ukiwa karibu naye, ndani ya futi 5, kete za madhara zinaongezeka maradufu. Basi. Mpiganaji yuleyule wa ngazi ya 5, akiwa na ustahimilivu wa 14, ana pointi 44 za uhai kwa kawaida, yaani kiasi cha madhara anachoweza kupata kabla ya kuanguka. Upanga uleule sasa unampunguzia wastani wa 17 kila unapompata. Hata akipatwa mara mbili kwenye zamu moja, anabakiwa na 10. Na aliyelazwa kwa uchawi wa usingizi huamka mara tu anapoumizwa.

Wanaopenda uhalisia wanaudhika hapo, na nawaelewa. Mtu hawezi kujikinga wala kukwepa, upanga wa mikono miwili umemshukia mara mbili, halafu anaamka kupigana? Lakini pointi za uhai hazikuwahi kuwa nyama na damu peke yake. Ndani yake mna wepesi, bahati na moyo wa kutokata tamaa. Hata hivyo hoja hiyo hainiridhishi kabisa, kwa sababu wepesi ndio hasa aliyegandishwa ameupoteza.

Ila mizani inageuka mhusika wako mwenyewe anapoanguka. Katika toleo hilohilo la tano, mhusika aliyeishiwa pointi za uhai huhesabiwa alama za kushindwa kupigania uhai wake, na zikifika tatu amekufa. Pigo la karibu linampa mbili kwa mpigo. Kwa hiyo kuchomwa mara mbili kunatosha. Nimeliona hilo kwenye meza moja ya Njiro, hapa Arusha: mwongozaji, yaani anayesimulia mchezo na kuwachezesha maadui, alimfanya adui mdogo mwenye kisu amgeukie mganga wa kundi aliyekwisha kuanguka, akamchoma, zamu iliyofuata akamchoma tena. Jirani wa mganga alikuwa bado anapitisha kidole kwenye orodha ya vifaa vyake akitafuta chupa ya dawa ambayo ingemwinua. Hakuna kanuni iliyovunjwa. Lakini mwenye mhusika alijiona ameonewa, na hoja yake ilikuwa nzito: kwa mapambano yote waliyokwisha kucheza, maadui walikuwa wanawaacha walioanguka.

Kuna upande mwingine ambao sisi wa Arusha ni vigumu kuupuuza. Mji huu ulikuwa makao ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoundwa mwaka 1994 na kufunga kazi 2015. Miongoni mwa makosa iliyopewa kuyahukumu ni ukiukaji wa ibara ya 3 ya Mikataba ya Geneva ya 1949, inayowalinda walioweka silaha chini, majeruhi na waliokamatwa. Sitaki kulinganisha mchezo na maumivu ya watu halisi. Ninachosema ni kwamba mchezaji wa hapa anaposita kumchinja mateka aliyefungwa kamba, hata awe kiumbe wa kubuni, hacheleweshi mchezo. Anacheza mhusika mwenye dhamiri, na mezani pawe na nafasi ya hilo.

Ndiyo maana nadhani ubishi wa toleo la tatu na la tano umechanganya maswali mawili: la katikati ya vita na la baada ya vita. Kitabu cha mwongozaji cha mchezo huohuo, cha mwaka 1979, kiliyatenganisha. Kwa waliolazwa au kugandishwa kwa uchawi, kama vita inaendelea na mshambuliaji yuko hatarini, pigo linampata adui moja kwa moja na madhara ni ya juu kabisa kwa silaha hiyo, lakini haimaanishi lazima afe. Kama hakuna tena anayepigana, anaweza kuuawa bila kete, au kufungwa kamba.

Mimi nasimama hapo. Katikati ya vita, kanuni ya toleo la tano inatosha, kwa sababu inaumiza vibaya na bado inawapa wenzake yule aliye hoi nafasi ya kumfikia. Vita ikiisha, wekeni kete pembeni: mchezaji aseme anachofanya, kifanyike, na dunia ya mchezo imjibu. Ndugu wa jambazi watasikia. Mji utasikia. Maadui wengine watakataa kusalimu amri kwa kundi linalochinja mateka.

Kwa upande wa maadui, mwongozaji atangaze kabla ya mchezo kuanza nani humaliza walioanguka. Mbwa mwitu mwenye njaa atamburuta aliyelala. Askari wa kukodiwa atamgeukia aliyesimama, maana ndiye bado anaweza kumuua. Mwenye sababu ya kurudi kwa aliyeanguka ni yule aliyekwisha kuona mganga akimwinua mtu kutoka sakafuni, na wachezaji wajue mapema kwamba ameona.