Akiba ya uzeeni: kwa nini niliacha hisa tupu

Machi 2020, saa nane usiku, nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, simu mkononi, kidole juu ya kitufe cha kuuza. Fahirisi ya S&P 500, kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa 500 hivi za Marekani, ilikuwa imeporomoka kwa takriban asilimia 34 ndani ya wiki tano hivi, na akiba yangu yote ya kustaafu ilikuwa kwenye hisa. Nikabonyeza. Niliuza nusu. Kufikia Agosti mwaka ule ule fahirisi ilikuwa imerudi ilikotoka, nusu yangu ikiwa bado nje.

Ndiyo maana mtu akiniuliza achague mfuko wa fahirisi ya hisa, yaani unaonunua hisa zote za fahirisi kama hiyo, au mfuko wa mwaka lengwa, sianzi na faida. Namuuliza alifanya nini soko lilipoanguka mara ya mwisho.

Kwa hesabu ya miaka mingi, hisa zimelipa kuliko hatifungani, yaani mikopo unayoipa serikali au kampuni ili ikulipe riba, sibishi. Mwenye miaka 30 mbele yake na moyo wa kutogusa kitu, mfuko wa fahirisi unamtosha. Wengi wetu hatuna moyo huo. Kwenye mfuko wa mwaka lengwa wewe unachagua mwaka wako wa kustaafu, tuseme 2055, kisha wasimamizi wanapunguza hisa na kuongeza hatifungani kadiri mwaka unavyokaribia. Ni kweli, ukiwa kijana nao huwa na hisa karibu asilimia 90, kwa hiyo utashuka tu. Lakini hisa zikishuka, mfuko wenyewe unanunua zaidi ili kurudisha uwiano, wala haukuamshi usiku kukuomba ruhusa.

Ila usinunue jina. Mwaka 2008, baadhi ya mifuko ya 2010 kule Marekani, ya watu waliobakiza miaka miwili tu kazini, ilipoteza zaidi ya theluthi ya thamani yake, kwa kuwa ilikuwa bado imesheheni hisa. Fungua waraka wa mfuko utafute hisa zitakuwa asilimia ngapi mwaka wako wa kustaafu ukifika. Kisha angalia ada, na hapa nakusihi uwe mkali: 1,000 ikikua kwa asilimia 6 kwa mwaka, baada ya miaka 30 inakaribia 5,740. Ada ikimega asilimia 0.7 kila mwaka, unaambulia kama 4,700. Mfuko wa mwaka lengwa wenye ada ya namna hiyo nauacha, nanunua fahirisi na hatifungani mwenyewe.

Ukitaka hisa zaidi, chagua mwaka wa mbele, 2065 badala ya 2055. Kugawa nusu mfuko wa fahirisi, nusu mfuko wa mwaka lengwa, nakupinga kabisa, maana unavuruga uwiano uliolipia, na kile kitufe bado unacho.

Mwaka 2022 hisa na hatifungani zilishuka pamoja, na mfuko wangu wa mwaka lengwa ukashuka nazo. Safari hiyo sikuuza hata kipande.